Mita 15, 16, 18: namba zinazookoa watu Marikina

Kazi yangu ni kufundisha kamati za maafa za mitaa, na kila semina huwa naanza na Marikina, mji ulio upande wa mashariki wa jiji la Manila kule Ufilipino. Watu wanashangaa kwanini niende mbali hivyo. Ngoja nieleze.

Wafilipino wana neno lao, bayanihan. Zamani familia ikitaka kuhamisha nyumba, wanaume wa kijiji wanapitisha mianzi chini yake, wanainyanyua nzima nzima na kuibeba mabegani mpaka kiwanja kipya, halafu mwenye nyumba anawalisha. Yaani ni msaragambo kabisa. Siku hizi neno hilo linatumika mafuriko yakija, na picha mnaziona, vijana wanavuta wazee kwenye beseni na matairi, watu wanasema Wafilipino wana moyo jamani. Moyo wanao kweli, ila moyo peke yake haumtoi mtu kwenye maji saa nane usiku.

Tarehe 26 Septemba 2009, siku ya Jumamosi, ikapita dhoruba waliyoiita Ondoy. Kwa upepo haikuwa kali sana kwa viwango vya kule, watu wengi wala hawakushtuka, lakini ndani ya saa 24 ikanyesha milimita 455, ambayo ni zaidi ya theluthi ya mvua ya Dar ya mwaka mzima, na mto Marikina unaoshuka kutoka milima ya Sierra Madre ukapanda mpaka mita 21.5. Wakafa watu zaidi ya 400 nchi nzima. Quezon City, mji wa jirani, kijana mmoja wa miaka 18, fundi ujenzi, alijifunga kamba kiunoni akavusha majirani zaidi ya 30, akarudi tena kwa ajili ya mama na kichanga chake, na safari hiyo akaishiwa nguvu maji yakamchukua. Hii stori mpaka leo naisimulia kwa shida. Kijana alikuwa na moyo mkubwa kuliko sisi wote, alichokosa ni boti, jaketi la kuelea, na mtu wa kumpokea zamu.

Sasa njoo Novemba 2020, kimbunga Ulysses. Mto ule ule ukafika kama mita 22, juu kuliko Ondoy, tena katikati ya korona, lakini vifo Marikina vikawa vichache sana ukilinganisha na 2009. Kilichobadilika ndo hasa ninachofundisha: mto unapimwa pale daraja la Sto. Niño, ukifika mita 15 kinalia king'ora cha kwanza, funga mizigo, mita 16 hama, mita 18 unahamishwa kwa lazima hakuna mjadala. Namba hizi watu wanazijua kichwani, bibi anazijua, muuza genge anazijua, na mvua ikishika kila mtu anaulizia mto uko mita ngapi.

Na nyuma ya namba kuna barangay, ambayo ndo serikali ya mtaa yao, ngazi ya chini kabisa. Sheria ya 2010 inataka serikali za mitaa zitenge angalau asilimia 5 ya mapato kwa ajili ya maafa, na asilimia 30 ya fungu hilo inakaa akiba ya dharura, hiyo nyingine inaenda kwenye maandalizi, kwahiyo kamba, boti na sufuria za kupikia uji wa wali na tangawizi zinaweza kununuliwa jua likiwa linawaka. Wanaojitolea wanakuja juu ya hapo, wanafunzi wanafunga mchele na samaki wa kopo kwenye mifuko, na tangu mafuriko ya Agosti 2012 walio juu ya paa wanaandika mtandaoni na hashtegi ya RescuePH, mtu wa mbali kabisa anakaa na simu anapanga orodha ya majina na mitaa anawapelekea waokoaji. Huyo naye ni mwokoaji, msimdharau.

Halafu maji yakishuka ndo kazi inaanza. Tope linafika magotini, na ndani ya tope kuna mkojo wa panya. Baada ya Ondoy ulilipuka ugonjwa wa leptospirosi, ule ule uliotusumbua Lindi 2022 tukauita homa ya mgunda, kwahiyo anayeshika koleo avae buti, na madaktari huwapa dawa ya kinga waliotembea kwenye maji.

Kitu kimoja kinaniuma. Wafilipino wenyewe wamechoka kusifiwa uvumilivu. Mwaka 2025 ilibainika miradi mingi ya kuzuia mafuriko imelipiwa na ipo hovyo, mingine haipo kabisa, na Septemba 21 watu wakajaa barabarani Manila kudai hela zao. Nawaelewa kabisa, jirani hawezi kujitolea kujenga ukuta wa mto.

Juzi semina mtaa mmoja wa bondeni hapa Dar nikauliza, maji yakifika wapi mnahama? Mzee mmoja akasema yakigusa ule mwembe, mama mmoja akasema hapana, yakiingia kwa fundi cherehani, kijana akasema akisikia kelele. Basi tukaacha makaratasi, tukachukua kopo la rangi nyekundu tukashuka mpaka nguzo ya daraja, na wale wazee waliokumbuka maji yalipofika wakawa wanatuonyesha pa kuchora.