Tarbushi haikuanzia katika dini

Katika maulidi na harusi za Lindi na Mikindani, ile kofia nyekundu iliyosimama wima, yenye shada jeusi la nyuzi, huelezwa kuwa ni vazi la Kiislamu tangu zama za Mtume. Imani hiyo ni ya miaka mingi, lakini haina msingi. Jina lake jingine, fezi, latokana na mji wa Fes nchini Moroko. Aliyeieneza ni Sultani Mahmud II wa dola ya Uthmania, ambaye kwa amri ya mwaka 1829 aliwavika watumishi wa serikali wa dini zote ili wasitofautishwe kwa vilemba. Na jambo ninaloliona zito kuliko yote ni kwamba masheikh, wenye dini hasa, waliachiwa vilemba vyao. Uturuki yenyewe iliipiga marufuku mwaka 1925. Huku kusini ilionekana pia vichwani mwa askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani, waliopigana Mahiwa, karibu na Lindi, Oktoba 1917, ingawa zao zilikuwa za kaki. Kofia ya viua, inayotobolewa na kudariziwa kwa mkono, ni kazi nyingine kabisa.