Ubingwa wa Januari Nchini New Zealand Si Mazoezi Tu

Wapo mashabiki wanaoamini kwamba ubingwa mfupi wa magari ya kiti kimoja unaofanyika New Zealand mwanzoni mwa mwaka, wakati Ulaya imo katika baridi kali, ni mazoezi tu ya vijana. Dhana hiyo inawapunja madereva hao. Mwaka 2016 dereva Mwingereza Lando Norris, akiwa na umri wa miaka 16, alikabiliana na mbio 15 katika wikiendi tano mfululizo, akatwaa taji hilo pamoja na mbio za New Zealand Grand Prix katika uwanja wa Manfeild. Zaidi ya hayo, bingwa hujipatia alama za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinazohesabiwa katika kupata leseni ya kushiriki Formula One, inayohitaji alama 40.