Theluji haizuii kinga

Hapa Lubumbashi nikisema mdogo wangu anaenda kazini kwa kinga, yaani baiskeli, kule Oulu, Ufini, hata mwezi wa Januari, watu wanashtuka: «Si atakufa na baridi?» Hapana. Anayekanyaga pedali anajitengenezea joto. Wauza makala (makaa) wetu wanalijua hilo: asubuhi ya Julai wanaingia mjini na kinga zao wakitoka jasho, sisi tumejikunyata ndani ya makoti. Jasho ndilo la kuogopa. Likilowesha nguo, ukisimama tu mwili unapoa haraka. Kwa hiyo mdogo wangu havai koti zito. Huvaa nguo nyepesi mbili tatu, ya ndani ikiwa ya sufu, maana pamba hushika maji. Vidole na masikio ndivyo anavyovifunika sana.

Shida yenyewe ni utelezi. Alinionyesha tairi lake kwenye simu: limejaa vijisumari vya chuma, vichwa vimechomoza kidogo tu, vinauma barafu. Tena mji huo husafisha njia za baiskeli theluji ikianguka, na hilo ndilo linalowatoa watu nyumbani, kuliko ujasiri wowote. Penye chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani, mnyororo hufutwa na kutiwa mafuta mara kwa mara, la sivyo kutu inaumaliza.