Je, wajua kwa nini usafi ukiboreka wagonjwa wa homa ya ini A wanaweza kuongezeka?

Virusi vya homa ya ini A hutoka kwenye kinyesi cha aliyeambukizwa na kuingia kinywani mwa mwingine kupitia maji, chakula au mikono. Mtu angetarajia kwamba vyoo bora na maji yaliyotibiwa vitapunguza wagonjwa papo hapo. Maambukizi hupungua kweli, lakini idadi ya wanaougua inaweza kupanda kwa miaka mingi kabla ya kushuka. Hapo ndipo modeli za hisabati, yaani hesabu zinazoiga jinsi ugonjwa unavyoenea, zinapohitajika, kwa sababu macho peke yake hayaoni kinachoendelea.

Siri iko kwenye umri. Mtoto wa chini ya miaka 6 akiambukizwa, mara 7 kati ya 10 haonyeshi dalili yoyote. Anacheza, anakula, na anaendelea kumwaga virusi. Mtu mzima akiambukizwa, mara 7 kati ya 10 au zaidi macho na ngozi hugeuka manjano. Kwa walio juu ya miaka 50, hatari ya kufa hukaribia asilimia 2. Aliyepona hubaki na kinga ya maisha, na ugonjwa huu haugeuki kuwa wa kudumu kama aina ya B na C.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Modeli rahisi kuliko zote hutumia namba moja, kasi ambayo wasio na kinga huambukizwa kwa mwaka, ambayo kwa kawaida huandikwa λ (herufi ya Kigiriki, lamda). Sehemu ya watu walioambukizwa kufikia umri a ni 1 − e^(−λa), ambapo e ni 2.718. Kasi ikiwa 0.2, asilimia 63 ya watoto wameshaambukizwa wakifika miaka 5, na asilimia 86 wakifika miaka 10. Kasi ikishuka hadi 0.05, wa miaka 10 walioambukizwa ni asilimia 39 tu. Namba hii haikisiwi. Hupimwa kwa kuchukua damu za watu wa rika mbalimbali ambao hawajachanjwa, kutafuta kingamwili aina ya IgG, alama ya kwamba mtu aliwahi kuambukizwa, kisha kuchora mstari unaopita vizuri zaidi katikati ya vipimo. Takwimu za hospitali hazifai kwa kazi hii, kwa sababu zinahesabu waliogeuka manjano na kuwaacha watoto wote wasio na dalili.

Chukua watu 100 na uwafuate mpaka miaka 70. Weka uwezekano wa kuugua kuwa asilimia 30 kwa anayeambukizwa kabla ya miaka 6, na asilimia 70 kwa anayeambukizwa baadaye. Kasi ya 0.2 huleta wagonjwa 42 hivi. Ishushe hadi 0.05, wagonjwa wanakuwa 58 hivi. Ishushe tena hadi 0.01, wanarudi 33. Maambukizi yamepungua kila hatua, lakini kwenye hatua ya katikati watu wengi wamevuka utoto bila kukutana na virusi, na sasa wanakutana navyo katika umri wa kuumia. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani limekuwa likipendekeza chanjo ya watoto wote hasa katika nchi zilizo kwenye hatua hii ya katikati, ilhali pale ambapo karibu kila mtoto ameshapata kinga ya asili, kampeni kubwa haijapewa kipaumbele.

Chanjo nayo hufanya kazi mbili. Humkinga aliyechanjwa, na hushusha kasi kwa wasiochanjwa. Hii ya pili ndiyo inayohitaji uangalifu. Tuseme mahali penye kasi ya 0.2 umechanja asilimia 40 ya watoto wachanga, na chanjo imeshika kikamilifu. Kasi hushuka hadi karibu 0.12. Wagonjwa wa jumla wanapungua kutoka 42 hadi 30 hivi kwa kila watu 100, jambo jema. Lakini miongoni mwa wasiochanjwa, wanaoambukizwa baada ya miaka 6 wanapanda kutoka asilimia 30 hadi karibu 49. Mzigo umehamia kwa waliokosa sindano, ambao mara nyingi ndio wanyonge wa jamii. Mpango wa chanjo unaoishia nusu njia una deni kwa watu hao, na modeli isiyowagawa watu kwa umri haitalionyesha.

Je, wangapi wachanjwe ili mzunguko ukatike? Gawanya umri wa kuishi kwa wastani wa umri wa kuambukizwa. Unapata R0, yaani idadi ya watu ambao mgonjwa mmoja angewaambukiza kama hakuna mwenye kinga. Miaka 70 gawanya kwa 20 ni 3.5. Kiwango kinachotakiwa ni 1 − 1/R0, hapa asilimia 71, na kama chanjo hushika kwa asilimia 95 ya wanaoipata, lenga 75. Wastani wa umri ukiwa miaka 5, R0 ni 14 na lengo linafika karibu 98.

Israel ilianza kuchanja watoto wote mwaka 1999, dozi mbili, katika miezi 18 na 24. Wagonjwa walishuka kutoka takriban 50 kwa kila watu 100,000 hadi chini ya 3 katika miaka michache, wakiwemo watu wazima ambao hawakuchanjwa. Watoto wadogo ndio waliokuwa wakisambaza. Argentina ilitumia dozi moja tu kuanzia 2005, katika umri wa miezi 12, na wagonjwa nao wakashuka kwa kishindo.

Kosa linaloharibu modeli nyingi liko kwenye muda. Kutoka kuambukizwa hadi dalili ni siku 15 hadi 50, wastani 28. Mtu akiziweka siku zote 28 kuwa kipindi ambacho mgonjwa haambukizi, modeli itamwambia kwamba kuwatenga wenye macho ya manjano kunazima mlipuko. Si kweli. Virusi hutoka kwa wingi wiki 1 hadi 2 kabla ya manjano, hivyo kipindi hicho kigawanywe: takriban siku 14 za ukimya, kisha siku za kuambukiza bila dalili. Modeli hugawa watu katika visanduku, kama wasio na kinga, wanaoambukiza na waliopona; ongeza pia kisanduku cha mazingira, kwa kuwa virusi hudumu majini kwa wiki hadi miezi. Shanghai mwaka 1988, watu karibu 300,000 waliugua, chanzo kikiwa kombe wa baharini walioliwa bila kuiva.

Muda huohuo hueleza kwa nini wagonjwa huendelea kujitokeza wiki kadhaa baada ya kampeni ya dharura ya chanjo. Hao waliambukizwa kabla ya sindano. Aliyekutana na virusi bado anaweza kuokolewa na chanjo akiipata ndani ya wiki 2, na mlipuko huhesabiwa umekwisha zikipita siku 100 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya muda mrefu zaidi wa ugonjwa kujificha.