Nani aliyaua maduka makubwa ya katikati ya mji? Dhana potofu na ukweli wake

Tarehe 24 Oktoba 1998, jijini Detroit, watu walijaa barabarani kutazama jengo la duka la Hudson's likilipuliwa kwa baruti. Duka hilo la Woodward Avenue lilikuwa na zaidi ya futi za mraba milioni 2 za sakafu, na Marekani nzima lilizidiwa ukubwa na Macy's ya New York peke yake. Nguo, vyombo, samani, vitabu, vitanda na mikahawa vyote vilikuwa chini ya paa moja, na siku za sikukuu ukuta wake ulitundikwa bendera ya taifa iliyofunika ghorofa kadhaa. Siku hiyo lilishuka lote. Vumbi likafunika mitaa ya jirani, na vifusi vikaharibu njia ya treni ya juu inayozunguka mjini.

Nimesikia watu wengi wakieleza kwa nini maduka ya aina hii yametoweka. Majibu huja haraka, na mengi si ya kweli. Yananiudhi kwa sababu humtupia lawama mteja, au huitupia teknolojia, huku waliosaini mikataba ya mikopo wakiachwa waende zao bila kuulizwa chochote.

Dhana: Intaneti ndiyo iliyoyaua

Tazama tarehe. Hudson's ya mjini ilifunga milango Januari 1983. Rich's, duka lililokuwa moyo wa jiji la Atlanta, lilifunga jengo lake la katikati ya jiji mwaka 1991. Amazon ilianza kuuza vitabu mwaka 1995. Serikali ya Marekani ilipoanza kupima mauzo ya mtandaoni, mwishoni mwa 1999, hayakufika hata asilimia 1 ya mauzo yote ya rejareja. Mwishoni mwa 2019, kabla ya korona, yalikuwa kama asilimia 11.

Ununuzi wa mtandaoni umeyaumiza maduka yaliyobaki, sikatai. Ila ulimkuta mgonjwa keshalazwa. Hata Sears, kampuni iliyojijenga kwa kuwauzia watu wa vijijini kwa katalogi na kuwapelekea mizigo hadi walipo, iliifuta katalogi yake kubwa mwaka 1993. Kama kuna kampuni iliyojua kumuuzia mtu asiyefika dukani, ni hiyo.

Dhana: Wateja walihama mji kwa hiari yao, duka likabaki peke yake

Detroit ilikuwa na watu milioni 1.85 mwaka 1950. Mwaka 1980 walikuwa milioni 1.2. Ni kweli walihama, lakini kuhama huko kulitengenezewa njia, na waliotengeneza wanajulikana.

Tangu 1934 serikali ya shirikisho ilikuwa inadhamini mikopo ya nyumba. Dhamana hiyo ilimpa Mzungu nyumba mpya kitongojini kwa malipo madogo ya kila mwezi, na ilinyimwa mitaa ya Weusi. Mwaka 1941, kaskazini mwa Detroit, karibu na barabara ya Eight Mile, mjenzi mmoja alitaka kujenga nyumba za Wazungu jirani na mtaa wa Weusi, naye akakosa dhamana. Akajenga ukuta wa zege wenye urefu wa karibu nusu maili na kimo cha futi sita kutenganisha mitaa hiyo miwili. Dhamana ikatoka. Ukuta huo upo mpaka leo, na watoto wa mtaani wanapita kando yake kila siku.

Mwaka 1954 sheria ya kodi ilimruhusu mwenye jengo jipya la biashara kukata gharama za uchakavu kwa kasi katika miaka ya mwanzo, jambo lililofanya kujenga upya nje ya mji kulipe kuliko kukarabati la zamani mjini. Mwaka 1956 ikaja sheria ya barabara kuu, na magari yakapata njia ya moja kwa moja ya kutoka mjini.

Na duka lenyewe halikukaa likingoja kuachwa. Mwaka huohuo wa 1954 ni Hudson's iliyojenga Northland, kituo kikubwa cha maduka huko Southfield, nje kidogo ya Detroit. Kilichorwa na Victor Gruen, msanifu aliyekimbia Vienna wakati wa Wanazi, na tawi jipya la Hudson's likawekwa katikati yake. Wenye duka walikwisha kuona dola zinakoelekea, wakazifuata, na jengo la mjini likaanza kuhesabiwa kuwa mzigo. Northland nayo ilifungwa mwaka 2015.

Dhana: Duka likifilisika, maana yake halikuwa linauza

Hapa ndipo uongo mwingi umekaa, kwa hiyo nitakaa hapa muda mrefu zaidi.

Chukua ghorofa la duka la vitambaa Kariakoo, mtaa wa Kongo. Mzee amelijenga kwa miaka arobaini, hana deni, na duka linamwingizia faida ya shilingi milioni 100 kwa mwaka. Anakuja mnunuzi na milioni 100 mfukoni. Bei ni bilioni moja. Zile milioni 900 zilizopungua anazikopa kwa riba ya asilimia 15, na dhamana anayoiweka ni ghorofa lenyewe. Deni halikai kwa mnunuzi. Linaandikwa katika vitabu vya duka. Kesho yake asubuhi vitambaa ni vilevile, wauzaji ni walewale, wateja ni walewale, ila sasa duka linadaiwa riba ya milioni 135 kwa mwaka wakati linaingiza 100. Halijakosea kitu, na kila mwaka linapungukiwa milioni 35.

Ufanyeje? Unauza ghorofa ya juu. Unapunguza wauzaji. Unamwambia anayekuletea mzigo asubiri mwezi mwingine. Mteja anaingia, anakuta hakuna wa kumhudumia na rangi anayoitaka haipo, anatoka. Hapo ndipo mauzo yanaposhuka kwa kweli, na hapo ndipo watu wanaposema, "Umeona? Wateja wamelikimbia."

Sasa ongeza sufuri. Robert Campeau alikuwa mjenzi wa nyumba na maofisi kutoka Ontario, Kanada, asiye na historia ya kuuza nguo. Mwaka 1986 alinunua Allied Stores, kampuni kubwa kuliko yake, kwa takriban dola bilioni 3.6. Ndani yake kulikuwa na Jordan Marsh ya Boston na Brooks Brothers. Mwaka 1988 akamshinda Macy's katika mnada wa Federated, kampuni iliyomiliki maduka ya Bloomingdale's, Abraham & Straus, Burdines na Rich's ileile ya Atlanta, kwa takriban bilioni 6.6. Karibu fedha zote zilikuwa za mkopo. Hata sehemu ya zile alizoziita mtaji wake alikopeshwa na mjenzi wa vituo vya maduka, Edward DeBartolo. Benki za uwekezaji zilipata ada kwa kupanga dili, kisha zikatafuta wa kununua hatifungani za hatari, zile zinazolipa riba kubwa kwa sababu kila anayezinunua anajua huenda zisilipwe.

Maduka yale yaliendelea kuuza. Kabla ya kutoa riba, yalikuwa na faida. Riba ndiyo iliyoimeza. Brooks Brothers iliuzwa kwa Marks & Spencer ya Uingereza kwa dola milioni 750, maduka mengine yakagawiwa kwa washindani, na bado haikutosha. Kufikia Septemba 1989 fedha zilikuwa zimekauka, wapelekaji bidhaa wakaingiwa na hofu ya kutuma mizigo, na tarehe 15 Januari 1990 maduka zaidi ya 250 yakaingia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai.

Kinachothibitisha kwamba tatizo lilikuwa deni ni yaliyofuata. Mahakama ilipoyapunguzia mzigo, yalitoka mwaka 1992 yakiwa yanatembea yenyewe, na mwaka 1994 kampuni hiyo hiyo ya Federated ikamnunua Macy's, ambaye naye alikuwa amefilisika kwa ununuzi wa namna hiyohiyo uliofanywa na mameneja wake mwaka 1986. Bloomingdale's ipo hadi leo. Lakini kutoka kortini hakukurudisha kila kitu. Lile jengo la Rich's katikati ya Atlanta lilifungwa katikati ya kesi hiyo.

Dhana: Anayenunua kwa mkopo ndiye anayebeba hatari

Ingekuwa hivyo nisingeandika makala haya.

Debenhams ya Uingereza ilinunuliwa mwaka 2003 na wawekezaji watatu: CVC, TPG na Merrill Lynch. Waliweka takriban pauni milioni 600 zao. Walipolirudisha duka kwenye soko la hisa mwaka 2006, walikuwa wamechota karibu mara mbili ya hizo, na deni la duka lilikuwa limepanda hadi zaidi ya pauni bilioni moja. Njiani, mwaka 2005, majengo 23 yaliuzwa kwa kampuni ya majengo ya British Land kwa pauni milioni 495, na duka likawa mpangaji katika nyumba lililokuwa likiimiliki, kwa mikataba ya miaka mingi. Kodi ya pango haingoji mauzo mazuri. Milango ya mwisho ilifungwa Mei 2021. Wawekezaji wale walikuwa wameondoka zamani.

Sears ilipita njia inayofanana. Eddie Lampert, mwenye mfuko wa uwekezaji, aliiunganisha na kampuni nyingine ya maduka, Kmart, mwaka 2005. Miaka iliyofuata kampuni ilitumia takriban dola bilioni 6 kununua hisa zake yenyewe, huku paa zikivuja na zulia likichakaa madukani. Mwaka 2015 majengo 235 yaliuzwa kwa dola bilioni 2.7 kwa kampuni ya Seritage, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Lampert huyohuyo, na Sears ikaanza kulipa kodi. Oktoba 2018 ikafilisika. Pensheni za watu takriban 90,000 zilibebwa na shirika la serikali.

Wahenga wametuambia kukopa harusi, kulipa matanga. Katika biashara hii, waliokula harusi na waliokaa matanga si watu wamoja. Mama aliyeuza viatu ghorofa ya tatu kwa miaka ishirini hakusaini mkopo wowote.

Dhana: Zamani yalikuwa maduka ya watu wote

Hili husemwa na wanaoyapenda maduka hayo, na mimi ni mmoja wao, kwa hiyo linanihusu. Ukumbi, ngazi za umeme, harufu ya manukato pale mlangoni, dirisha la sikukuu ambalo mtoto maskini angeweza kulitazama bure. Ni kweli vilikuwapo.

Lakini Rich's ya Atlanta ilipokea fedha za Mtu Mweusi, ikamfungulia na akaunti ya kununua kwa mkopo, kisha ikamkataza kukaa mezani katika mkahawa wake, Magnolia Room. Tarehe 19 Oktoba 1960 wanafunzi wa vyuo vya Weusi waliingia kudai kuhudumiwa, na pamoja nao Martin Luther King. Alikamatwa. Wenzake walipoachiwa, yeye alipelekwa gereza la Reidsville kwa kisingizio cha kosa la zamani la leseni ya udereva. Weusi wa Atlanta wakasusia maduka ya mjini kwa miezi mingi, na mwaka 1961 mkahawa ukafunguliwa kwa wote.

Fikiria mwendo wa miaka yake. Binti aliyesusia akiwa na miaka ishirini alikuwa na hamsini jengo lilipofungwa. Alipigania haki ya kukaa pale, akaipata, kisha mahali penyewe pakatiwa rehani na mtu ambaye hakuwahi kumjua.

Dhana: Haya ni mambo ya huko kwao

Nakumatt ilianza kama duka la magodoro Nakuru. Jina lake ni kifupi cha mji na godoro. Ikakua hadi matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, mengine katikati kabisa ya jiji la Nairobi. Haikununuliwa kwa mkopo kama Federated, na ni vizuri kutofautisha. Yenyewe ilikopa ili ifungue tawi juu ya tawi, na fedha za waliopeleka bidhaa zikawa sehemu ya mkopo huo bila wao kuulizwa. Dalili, hata hivyo, zilikuwa zilezile: rafu zenye sanduku moja la bidhaa lililosogezwa mbele ili kuficha utupu, wafanyakazi wasiolipwa, wenye majengo wakifunga milango kwa makufuli.

Januari 2018 mahakama iliweka msimamizi. Deni lilikuwa takriban shilingi bilioni 30 za Kenya. Matawi sita ya mwisho yaliuzwa kwa Naivas kwa shilingi milioni 422, na Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ivunjwe. Katika kugawana kinachobaki, mwenye dhamana hukaa mbele ya foleni. Mfanyabiashara mdogo aliyepeleka mzigo wake na kuambiwa atalipwa baada ya siku tisini yuko nyuma kabisa, na stakabadhi yake mkononi.