Saa ikisema moyo uko sawa

Mjomba wangu wa Makorora, hapa Tanga, alishinda barazani asubuhi nzima kifua kinambana, jasho jembamba linamtoka, kidole kakigandamiza kwenye saa yake ya kisasa inayopima moyo. Kila akipima, baada ya sekunde 30 anajibiwa kuwa mapigo ni ya kawaida. "Si waona, mwanangu? Gesi tu hiyo." Tulimbembeleza mpaka akapanda bajaji. Kumbe ni moyo.

Dhana potofu: Saa ikionyesha mapigo ya kawaida, huna mshtuko wa moyo.

Ukweli: Mshtuko wa moyo ni kuziba kwa mshipa unaoulisha msuli wa moyo. Moyo waweza kuendelea kupiga kwa mpangilio huku sehemu yake inakufa. Saa huutazama umeme wa moyo kwa upande mmoja tu. ECG ya hospitali, yaani mashine ya kuchora umeme wa moyo, huutazama kwa pande 12, na bado daktari huongeza kipimo cha damu. Apple, kampuni inayotengeneza saa za aina hii, wenyewe wanaeleza kuwa saa yao haitambui mshtuko wa moyo. Kifua kikibana, maumivu yakishuka mkononi au yakipanda tayani, usikae kupima. Nenda Bombo, au hospitali iliyo karibu nawe, saa hiyohiyo.

Dhana potofu: Mapigo mazuri, presha nzuri.

Ukweli: Ni vitu viwili. Mtu aliyetulia aweza kuwa na mapigo 72 kwa dakika, na presha yake iko juu mno, 180 kwa 110. Presha ipimwe kwa mkanda wa mkononi.

Dhana potofu: Kifaa cha kubana kidole, cha kupima oksijeni ya damu, hakikosei.

Ukweli: Kinapitisha mwanga kidoleni, na piko huuzuia. Shangazi akitoka harusini, apimwe kidole kisichopakwa.

Dhana potofu: Basi vifaa hivi havina maana.

Ukweli: Vina maana kubwa, na hapa ndipo ninapovipenda. Wapo watu ambao vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kusukuma. Damu hutuama, huganda, na bonge likipanda ubongoni ni kiharusi. Kwa wengine hali hii huja na kuondoka. Mgonjwa akifika hospitali moyo umeshatulia, anarudishwa nyumbani. Ukiwa na saa hiyo, au kifaa cha mfukoni cha kuchora umeme wa moyo, pima palepale moyo unapodunda ovyo, hifadhi mchoro, andika ilikuwa saa ngapi na ulichokuwa ukifanya, kisha mpelekee daktari ausome mwenyewe.