Chaza wengi sio chaza wa koo nyingi: kwa nini tunaomba kipande cha nyama na kwa nini tunazuia mbegu kuhamishwa

Toka tuanze kampeni ya kukusanya sampuli za chaza wa porini, malalamiko yanaingia kila siku na ukiyachambua ni ya aina mbili tu. Wapo waliorudishiwa sampuli zao na hawajui wamekosea wapi. Na wapo waliozuiwa kuhamisha mbegu za chaza, yaani chaza wachanga wa kupandikiza, kutoka ghuba moja kwenda nyingine, hawa ndo wengi na ndo wenye hasira, wanasema miamba imejaa chaza hadi hakuna pa kukanyaga sasa nyie mnalinda nini. Nitajibu yote mawili ila naanza na hili la pili kwa sababu linarudi na kurudi hata baada ya kulieleza.

Kwenye sampuli zenu tunaanza kwa kusoma DNA ya mitokondria, ile iliyo kwenye vijisehemu vinavyotengeneza nguvu ndani ya seli, na hiyo kama mnavyofahamu inatoka kwa mama. Sasa fikirieni chaza wanavyozaliana. Kwenye jamii ya Crassostrea, chaza akikomaa mara ya kwanza mara nyingi anakuwa dume, akishakua mkubwa ndo wengi wanageuka jike. Maana yake wale wakubwa mnaowachagua mkivuna, wale wanaojaza ndoo haraka, kwa sehemu kubwa ndo mama zenyewe. Mwamba unaweza ukabaki umejaa chaza wadogo, mtu akiangalia anasema wapo tele, kumbe waliobaki wengi ni madume vijana na koo za akina mama zimeshapungua. Ukoo wa mama ukikatika hakuna baba wa kuurudisha. Basi.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalitegemei. Jike mmoja mkubwa anaweza kutoa mayai makumi ya mamilioni kwa msimu, viluwiluwi vinaelea na maji wiki mbili hadi tatu hivi, na karibu vyote vinakufa. Vinavyopona sio vyenye nguvu zaidi, mara nyingi ni vile tu vilivyobahatika kupata mkondo sahihi wa maji na chakula kwa wakati sahihi, kwa hiyo mwaka huu akina mama wachache wanaweza kuzaa sehemu kubwa ya kizazi kizima na maelfu ya wengine wasiache mtoto hata mmoja. Mwaka 1994 mtafiti Dennis Hedgecock aliandika kwamba uzazi wa viumbe wa aina hii uko kama bahati nasibu, na hoja hiyo imeeleza vizuri kwa nini idadi ya chaza tunaowahesabu kwa macho inapishana sana na idadi ya wazazi wanaohesabika kwenye vinasaba. Ukiwa na chaza milioni moja usidhani una mama laki tano. Unaweza ukawa na wachache mno.

Ndo maana tunapima utofauti wa haplotaipu, yaani aina za mfuatano wa DNA zinazorithiwa kwa ukoo. Tunasoma kipande cha DNA, kawaida kipande cha jeni ya COI chenye herufi kama 650 kati ya mitokondria nzima ambayo kwa chaza wa Pasifiki ina herufi karibu 18,200, halafu tunauliza: ukiokota chaza wawili bila kuchagua, kuna uwezekano gani wawe na mfuatano tofauti? Jibu linakuwa kati ya 0 na 1. Naomba hapa tuelewane kabisa kwa sababu kuna watu wanasambaza namba zetu vibaya: 0.9 sio alama tisini ya afya ya chaza, wala 0.3 haimaanishi chaza wako wanaumwa. Na namba hiyo haisomwi peke yake, inasomwa pamoja na namba ya pili inayoonyesha hiyo mifuatano imetofautiana kwa herufi ngapi. Haplotaipu nyingi zinazopishana kwa herufi moja moja ni dalili ya kundi lililopungua sana zamani halafu likaongezeka. Haplotaipu chache zilizoachana mbali ni habari nyingine kabisa, pengine ni makundi mawili yaliyokutana, pengine ni mbegu ya kuletwa.

Kwamba macho hayaoni haya, mfano ninaoupenda ni wa chaza wa mashariki wa Marekani, Crassostrea virginica. Wametapakaa pwani nzima kuanzia Canada hadi Texas, na vipimo vya zamani vya protini vilionyesha kama wote ni kitu kimoja. Mwaka 1990 Reeb na Avise wakapima mitokondria ya chaza 212 na wakakuta pwani ya Atlantiki ya Florida kuna mpaka, chaza wa Atlantiki na wa Ghuba ya Mexico wameachana kwa wastani wa asilimia 2.6 hivi ya mfuatano wao. Hakuna ukuta pale, hakuna nchi kavu, na chaza wenyewe ukiwashika mkononi huwezi kuwatofautisha! Kwa hiyo ukiniambia "chaza wa huku na wa kule ni walewale, gamba ni lilelile", nakujibu kwa heshima kwamba gamba haliaminiki. Chaza yuleyule akikulia kwenye matope anarefuka, akikulia kwenye jiwe anatanuka.

Hata wataalamu walidanganywa na gamba na historia. Chaza aliyeitwa wa Kireno, Crassostrea angulata, alipewa jina mwaka 1819 na kwa miaka mingi akahesabiwa mwenyeji wa Ulaya. Mitokondria ndo iliyofichua kwenye tafiti zilizotoka 1998 kwamba ndugu zake wako Asia, Taiwan, na inaelekea alisafiri na meli za Wareno karne nyingi nyuma. Chaza hao wa Ulaya walikufa kwa wingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ugonjwa wa matamvua (viungo vyao vya kupumulia), Ufaransa ikabidi ilete chaza wa Pasifiki kutoka nje ili sekta isife. Na kwenye hiyohiyo biashara ya kuhamisha mbegu, mwishoni mwa miaka ya 1970 kimelea Bonamia ostreae kikaingia Ulaya na mbegu zilizotoka Marekani, kikawaangusha chaza bapa wa huko ambao mpaka leo hawajarudi walivyokuwa. Hicho hakimdhuru mtu anayekula chaza, lakini kikishaingia majini hakitoki.

Kwa hiyo utaratibu wa kuhamisha mbegu uko hivi, na naomba usomwe taratibu. Mbegu ikitoka eneo moja la maji kwenda jingine inahitaji kibali kabla ya kung'olewa, sio baada ya kufika. Ombi linaonyesha mahali zilikotoka, idadi, ukubwa, na mahali zinakokwenda. Zinapimwa magonjwa kwanza, yakiwemo ya vimelea Bonamia, Marteilia na Perkinsus ambayo yana aina zilizo kwenye orodha ya WOAH, Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, ya magonjwa ya kuripotiwa kimataifa. Kisha inaangaliwa kama vinasaba vya pande mbili vinaendana. Mbegu za kituo cha kuzalishia nazo zinahitaji kibali, tena hizo tunaziangalia zaidi, maana kituo kikitumia wazazi wachache kikamwaga watoto milioni baharini, kinaongeza idadi na kupunguza koo kwa wakati mmoja. Asiyefuata, mzigo unazuiwa, unaweza kuteketezwa kwa gharama za mwenye mzigo, kibali kinasimamishwa, na faini au mashtaka vinafuata kwa sheria ya nchi husika. Kusema "sikujua" hakurudishi mzigo. Sampuli zikivuka mpaka wa nchi kwa ajili ya utafiti, Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya rasilimali za vinasaba ulioanza kutumika 12 Oktoba 2014, inataka ridhaa ya nchi zilikotoka pale nchi hiyo ilipoweka sharti hilo, na hilo halifupishwi hata kama ni kichupa kimoja.

Sasa sampuli zilizorudishwa. Tunahitaji chaza 30 hadi 50 kwa kila eneo, wachukuliwe sehemu mbalimbali za mwamba sio wote kwenye bonge moja. Kata kipande cha msuli unaofunga gamba, ukubwa wa maharage unatosha. Usikate tumbo, mle kuna mwani aliokula na DNA yake inaingia kwenye kipimo. Kwa chaza bapa usikate matamvua wakati wa kuzaa kwa sababu mama anatunza watoto humohumo, utatuletea mama na watoto kwenye kichupa kimoja. Weka kwenye spiriti ya asilimia 95, wingi wake mara kumi ya nyama, ibadilishe kesho yake. Fomalini hapana, hapana kabisa, inaharibu DNA na ndo iliyoua sampuli nyingi za mwezi uliopita. Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi na iingie ndani ya kichupa. Wino unayeyuka kwenye spiriti, kichupa kinafika hakina jina na sisi hatuna namna ya kukisia. Ukituma kwa ndege, kichupa kisizidi mililita 30 za spiriti na mzigo wote usizidi lita moja, ufungwe matabaka yanayotakiwa na uandikwe ni sampuli za utafiti chini ya kifungu A180 cha kanuni za IATA za kusafirisha vitu hatarishi kwa ndege, vinginevyo shirika la ndege litaukataa na wana haki.

Mengine kwa haraka. Kipimo hiki hakibadilishi chochote kwenye chaza, hatudungi kitu wala hatutengenezi chaza wa maabara, tunasoma tu. Hakisemi kama chaza ni salama kuliwa, hicho ni kipimo kingine cha bakteria na sumu za mwani. Na mitokondria ni upande wa mama peke yake, kwa hiyo hatufungi wala kufungua eneo kwa matokeo hayo tu, tunapima na DNA ya kiini cha seli, inayotoka kwa baba na mama, kabla ya kutoa ushauri. Wanaotupigia wiki ya kwanza kudai majibu naombeni subira jamani, kila eneo linasubiri sampuli zake zote zifike ndo lisomwe pamoja.

Waliorudishiwa vichupa kwa sababu ya lebo au fomalini hawahitaji kuomba upya kibali cha kuchukua sampuli kama cha kwanza hakijaisha muda. Mrudi mwamba uleule, mkate upya, mlete na nakala ya fomu ya mwanzo ili namba ya eneo ibaki ileile.